Manemane Isiyoonjwa

Bi Mwanasiti wa Gazi alikuwa na ulimi mkali kwa namna mbili. Ya kwanza kila mtu aliijua, kwa kuwa hakuna aliyepita mbele ya baraza yake akasalimika. Ya pili ilikuwa ndiyo kazi yake. Alikuwa akijua dawa kwa kuionja. Manemane, lile gundi la mti lenye rangi ya hudhurungi linaloletwa kutoka nchi kavu za Usomali na kuuzwa Mombasa kwenye maduka ya dawa, hakulitia kwenye jeraha la mtu hata siku moja mpaka aweke punje ulimini. Likiwa chungu la kukunja uso, ndilo lenyewe. Likiwa halina uchungu, humrudishia mwenye duka, na maneno juu yake.

"Jicho hudanganywa," alikuwa akisema. "Pua nayo hudanganywa. Ulimi wangu mimi, nani ataudanganya?"

Na watu walimsifu, jamani, walimsifu mno. Kuanzia Gazi hadi Bongwe, mtoto mchanga asiyekauka kitovu aliletwa kwake, mwenye vidonda vya kinywa aliletwa kwake, aliyejikata shoka shambani aliletwa kwake. Wa kinywa aliwasugulia manemane kwenye maji ya vuguvugu mpaka maji yageuke meupe kama tui, akawapa wasukutue. Wa majeraha aliwayeyushia kwenye spiriti ya kuwashia karabai, akawapaka kwa unyoya wa kuku. Nusu ya manemane hukubali maji, nusu ya pili hukubali spiriti, na yeye alijua lini anataka ipi. Kwa hiyo hakuwa mjinga wala mbabaishaji. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bi Mwanasiti alisifiwa akasikia.

Jambo moja lilikuwa juu ya hayo yote, nalo ni Ramadhani. Mwezi ukiandama, Bi Mwanasiti alifunga mdomo kwa kufuli. Wapishi wengine huonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi wakatema, na masheikh wamewaruhusu. Yeye, la. Mchuzi wake wa Ramadhani ulikuwa ama chumvi tupu ama maji matupu, na wote nyumbani walikula wakanyamaza. "Mimi sili mwezi kwa ncha ya ulimi," alikuwa akisema, na wanawake wenzake wakatazamana.

Basi Ramadhani ya kwanza baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, ule mwaka wa sitini na nne, ilikuja katikati ya jua la kaskazi, jua la kupasua nazi. Seifu, mwanawe wa pekee aliyebaki, maana wengine alikuwa amewazika wangali wachanga, alikuwa akichonga mashua pale karibu na mikoko pamoja na mwenzake Kombe. Swaumu imemkausha, mikono imelegea, tezo likateleza. Lilimpiga kwenye muundi, chini ya goti, likafika mfupani.

Kombe alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Damu ilikuwa imewalowesha wote wawili. Jumwa, mke wa Seifu, alitandika mkeka ukumbini, akamwinua mumewe kichwa. Bi Mwanasiti hakulia. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwenye ubao wa juu, akatia mkono, akashika mkebe wake wa manemane. Alijua mahali pake hata gizani. Akatoa mabonge mawili, akayaponda kinuni, akayamiminia spiriti, akakoroga. Yaliyeyuka vizuri. Mkono wake wa kulia ulikwisha inuka na punje kuelekea mdomoni, kwa mazoea, ukasita njiani. Adhuhuri hii, mwezi wa Mungu. Akaifuta ile punje kwenye kanga, akarudi ukumbini, akapaka.

Na lilishika, wallahi. Alipaka mara ya kwanza likakauka, akapaka tena juu yake. Damu ikasita. Jeraha likafunikwa na ngozi nyembamba ing'aayo, ukiitazama unaona mpaka ndani, kama kioo cha taa. Bi Mwanasiti aliridhika mno. Hakuwahi kuona manemane ikifunga mdomo wa jeraha upesi kiasi kile.

"Tazama," alimwambia Kombe. "Hapa hapaingii hata vumbi."

Kombe, aliyekuwa fundi wa kuziba mashua, aliitazama ile kazi kwa jicho la ufundi akasema, "Mashallah, Bi Mwanasiti, hata maji hayapenyi."

Alisema kweli kuliko alivyojua.

Kisha yakafuata masharti. Kule pwani jeraha kubwa hufichwa. Halitazamwi na macho ya watu, kwa kuogopa husuda, wala halifunguliwi ovyo. Na zaidi ya yote, jeraha hunusa. Ndivyo walivyoamini: likinusa marashi, likinusa samaki wa kukaangwa, huvimba likamsumbua mwenyewe. Kwa hiyo Bi Mwanasiti alilifunga jeraha kwa kitambaa, akapiga marufuku karafuu, marashi, na kikaango. Akaweka chetezo pembeni ya kitanda, akatia makaa na uvumba kutwa kucha, ili harufu yoyote ya nje ipitayo mlangoni ikutane na moshi irudi ilikotoka.

Siku za mwanzo Seifu alikuwa na nguvu zake. Alitania, akauliza habari za mashua. Halafu homa ikaja. Ilikuja jioni ikaondoka asubuhi, baadaye haikuondoka tena. Mguu ukavimba kutoka kifundoni hadi gotini, ukawa mzito kama gogo bichi. Akaanza kumwita marehemu baba yake, akimwomba amshikie ubao.

Bi Mwanasiti alimtafuta mwenye makosa, na mwenye makosa hakuwa mbali.

"Ulikaanga samaki," alimwambia Jumwa.

"Sikukaanga, Mama. Nilichemsha."

"Ulichemsha na vitunguu. Jeraha linanusa, mwanamke wewe. Kwenu huko kwa mbuzi hamjui haya."

Jumwa alikuwa Mduruma wa upande wa Mkongani, binti wa mzee Chome mfuga mbuzi. Alisilimu alipoolewa, akafunga Ramadhani zake bila kukosa, lakini kwa mavyaa wake alibaki mtu wa mbuzi. Alikuwa mpole, si mnyonge. Alinyamaza siku hiyo. Kesho yake, wakiwa wawili jikoni, alisema tena, kwa adabu.

"Mama, naomba nikwambie jambo. Kitambaa cha Seifu kinatua nzi."

"Nzi hutua popote."

"Hawatui palipo na manemane. Kwetu, baba yangu huwapaka mbuzi gundi la mti kama huo, miti yake imejaa nyikani. Uchungu wake unawafukuza nzi mbali. Na jeraha likipakwa hutoa maji, Mama, hulia siku mbili tatu ndipo likauke. Hili la Seifu halikulia kabisa. Limenyamaza."

"Kunyamaza ndiko kupona."

"Homa je?"

Bi Mwanasiti alimkata jicho. Lakini mchana ule, alipokwenda kuongeza uvumba kwenye chetezo, alitazama kitambaa bila kutaka. Nzi walikuwa watano sita, wametulia juu yake, wanasugua miguu. Aliwafukuza kwa kanga. Wakarudi pale pale. Akajiambia ni ule utamu wa uji uliomwagika.

Kombe alikuja baada ya adhuhuri. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, "Shikamoo, Bi Mwanasiti," akaitikiwa marahaba ya nusu mdomo. Alimtazama rafiki yake kwa muda, kisha akasema alilokuja kulisema.

"Lori la Boga linapakia mbata. Likimaliza kupakia, baada ya alasiri, linakwenda Msambweni. Nimemwambia atungojee. Seifu apelekwe hospitali."

"Hospitali wamkate mguu?"

"Sikusema hivyo."

"Wao watasema! Fundi wa mashua mguu mmoja, atasimamaje kwenye mkuku? Atakula nini, mimi na mkewe tutakula nini? Nimeponya vidonda kabla wewe hujatahiriwa, Kombe. Mwanangu haendi."

Boga alikuwa na lori moja, na likishaondoka lingerudi baada ya siku mbili. Wote watatu walijua hilo. Seifu kitandani alikuwa akimwambia marehemu baba yake kwamba ubao umepinda.

Na hapo ndipo Jumwa alipofanya jambo ambalo hakuna mke wa mtu Gazi nzima angethubutu kulifanya mbele ya mavyaa. Aliinama, akakishika chetezo kwa vitambaa viwili, akakitoa nje. Akakimwaga mchangani. Kisha akafungua madirisha yote mawili, upepo wa pwani ukaingia ukauchukua moshi wote.

"Una wazimu?" Bi Mwanasiti alisimama. "Unataka kumuua?"

"Nataka kusikia harufu yake, Mama. Tangu aumie hatujamsikia harufu. Tunasikia uvumba tu."

Bi Mwanasiti alifungua kinywa ili amtie adabu. Aliyavuta yale maneno kifuani, na pumzi ikaja pamoja na harufu. Haikuwa harufu kali. Ilikuwa tamu, ya kuoza, kama papai lililosahauliwa kapuni. Ilitoka chini ya kitambaa cha mwanawe. Aliijua. Kila mtu aliyewahi kutibu jeraha anaijua, na huwa hataki kuijua pale inapotoka kwa mtoto wake. Akashika nguzo ya kitanda. Uvumba wake mwenyewe ndio uliokuwa ukimfichia mauti.

"Manemane haiwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Manemane hailei uozo."

Alikwenda jikoni, karibu kukimbia. Alitia mkono juu ya ubao, akashika mkebe. Mkono ukaendelea kupapasa, kwa kuwa akili ilikuwa imeshatangulia, ukagusa mkebe wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Mikebe ya maziwa ya unga, sura moja, kimo kimoja. Aliishusha yote miwili, akaifungua juani kwenye uga. Ndani ya kila mmoja mabonge ya rangi ya asali iliyoiva, huku na huku.

"Huu wa pili ni wa nani?"

Kombe alikuwa amemfuata. Aliitazama yote miwili, uso ukamwiva. "Wa Seifu. Sandarusi ya kupakia mashua. Alisema bandani kuna wezi, akaileta nyumbani jioni ya kabla ya kuumia. Inachanganywa na spiriti..." Hakumaliza.

Sandarusi ile mnaijua. Ni gundi la msandarusi, mti wa misitu yetu ya Kwale. Mafundi huliyeyusha wakapaka mbao ili maji yasipite. Halina shari, na moshi wake wengine hujifukizia mafua. Lakini likikaa juu ya kitu, limekaa. Linaziba.

Siku ile aliuchukua wa mbele, kama kawaida, lakini upi kati ya hii miwili ulikuwa wa sandarusi? Macho yake yalikuwa na utando wa miaka, hayakumsaidia. Aliinusa yote miwili, lakini pua yake ilikuwa imejaa uvumba wa siku zote zile, ikamwambia uvumba. Kusugua kwenye maji na kungojea yageuke tui ilikuwa njia, nayo ilitaka muda, na kutoka barabarani honi ya Boga ilikwisha lia mara moja.

Jumwa alisimama mlangoni. Jua lilikuwa bado juu ya minazi, futari ilikuwa mbali, na mwanamke ambaye hakuwahi kuonja chumvi mchana wa Ramadhani tangu avunje ungo alikuwa ameshika bonge la mkebe wa mbele mkononi, ule aliokuwa ameutumia.

Akalitia mdomoni.

Alilingojea. Alilisukuma kwa ulimi upande huu na upande ule, akalitafuna, likavunjika kama kokoto. Hakuna uchungu. Hakuna ladha yoyote. Alikuwa kama anayelamba kioo. Akalitema, akachukua la mkebe wa pili, akalitafuna, na uchungu ukamjaa kinywa chote mpaka machozi yakamtoka, au labda yalikuwa yanakuja yenyewe.

"Nimemziba mwanangu," alisema. "Nimemziba kama mashua."

Honi ikalia mara ya pili. Kombe alitoka mbio kwenda kumzuia Boga.

Kuna wanawake ambao hapo wangeanguka wakalia, na hakuna ambaye angewalaumu. Bi Mwanasiti aliangua kilio kimoja kifupi, akakimeza. Kilichofungwa na spiriti hufunguliwa na spiriti, alilijua hilo. Alichukua chupa ya spiriti ya karabai, akamwambia Jumwa, "Njoo, mwanangu. Mshike mabega," na Jumwa akamshika. Akakifungua kitambaa. Ile ngozi ya kioo ilikuwa pale pale, safi, inang'aa, na chini yake nyama ilikuwa imegeuka rangi ya kijani na nyeusi. Alilowesha pamba kwa spiriti, akaiweka juu, akangoja, akasugua ukingoni. Utando ulilainika ukawa kama gundi la fenesi, ukaanza kuvutika. Seifu alipiga ukelele uliowatoa majirani majumbani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, naye safari hii hakumchelea. Alivuta. Utando ukatoka, na nyuma yake yakatoka yote yaliyokuwa yamefungiwa, yakamwagika mpaka sakafuni.

"Lia," alikuwa akilisemesha jeraha, mikono yake imelowa. "Lia, lia sasa."

Walimpakia juu ya magunia ya mbata. Bi Mwanasiti alikaa upande wa kichwa, Jumwa upande wa mguu, kanga ya Jumwa imewafunika wote jua. Njia nzima, kila lori lilipoingia shimoni Seifu aliguta, na kila alipoguta wanawake wale wawili walishikana mikono juu ya kifua chake bila kukusudia.

Hospitalini aliyewapokea alikuwa mganga msaidizi mmoja jina lake Kalama, kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aliosha, akachunguza, akakuta mabaki ya utando kwenye kingo za jeraha. Akayachukua kwa koleo, akayadondoshea maji. Hayakubadilika.

"Hii si manemane," alisema. "Manemane ni gundi na utomvu pamoja, maji huichukua nusu yake, jeraha hupumua. Sisi wenyewe tunayo ya kusukutulia. Hii ni utomvu mtupu, haikubali maji hata kidogo. Usaha ulikosa njia ya kutokea, ukarudi ndani. Nani aliyeziba?"

Jumwa aliinua kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Ni ujinga wangu. Kwetu tunatibu mbuzi."

Bi Mwanasiti alimgeukia. Siku zote zile alikuwa amemlaumu kwa samaki ambaye hakukaangwa, na sasa mwanamke huyu alikuwa amejitwika aibu yake mbele ya watu, kwa hiari, bila hata kumtazama. Ilimuuma kuliko tusi.

"Usimsikilize, mwanangu," alimwambia Kalama. "Huyu amefunga na anasema uongo, swaumu yake itaharibika. Niliyeziba ni mimi. Mwanasiti binti Shehe, wa Gazi. Na niliyesema asiletwe hapa ni mimi. Huyu ndiye aliyefungua madirisha."

Kalama aliwatazama wote wawili. Akasema mguu atajaribu kuupigania, lakini hawaahidi kitu, na kwamba kama wangengoja mpaka kesho jioni, uozo huu usingewangoja. Kisha akawatoa nje.

Idi iliwakuta pale pale, kwenye kibaraza cha hospitali, wakila wali wa kuletewa na watu wasiowajua. Mguu haukukatwa. Ulipungua nyama, ukabaki na kovu la shimo, na kifundo kikakakamaa kisikunjike tena. Seifu alirudi kwenye mashua yake, akawa anachonga ameketi juu ya kigoda, na Kombe akifanya ya kusimama. Walipomwambia kilichotokea alicheka kwa muda mrefu, halafu akaacha kucheka, akaushika mkono wa mama yake.

Bi Mwanasiti aliendelea kutibu, kwa kuwa watu hawakuacha kuja. Ila alimweka Jumwa kando yake, na hakuna dawa iliyopakwa kabla wote wawili hawajaionja, Ramadhani au si Ramadhani. Mkebe wa sandarusi ulirudi bandani, wezi wakitaka na waje.

Na kila mwaka, mwezi wa Shawali, alifunga kulipa ile siku moja aliyoonja mchana. Mwaka wa kwanza alilipa, na hapo deni lilikuwa limekwisha. Mwaka wa pili akalipa tena. Wa tatu, maalim Suleiman alipita barazani akamkuta amefunga, akamwambia kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu mzima anayesahau:

"Bi Mwanasiti, siku ile uliilipa zamani. Tena ulionja ukatema kwa dharura, hata deni hukuwa nalo. Hii unalipa nini?"

Jumwa alikuwa pembeni, anapepeta mchele. Naye alikuwa amefunga, ijapokuwa hakuna aliyemwambia afunge.

"Ile ya kuonja niliilipa, maalim," alisema Bi Mwanasiti. "Hizi ni za siku ile ya kwanza, niliyoacha kuonja."

Maalim aliaga, akaenda zake. Jua lilipokuchwa Jumwa alimletea mavyaa wake maji, wakafuturu pamoja.